Lesi ya Vishada ya Joash Obuya

Nauza lesi, vifungo, zipu na uzi pale Ngara, na nitasema ukweli: hakuna binadamu anayenichosha kama mtu anayechagua lesi. Zipu mtu hununua akaenda zake. Vifungo hata mtoto hutumwa. Lakini lesi! Mtu mzima, ana kazi, ana watoto shuleni, atasimama mbele ya kibanda changu saa mbili nzima akilinganisha nyeupe na nyeupe, kisha aniambie hii nyeupe imezidi. Miaka kumi na tisa nimevumilia hayo. Nilidhani nimeona yote, mpaka alipokuja Joash Obuya.

Joash ni fundi wa lifti. Ukiishi kwenye yale maghorofa ya Kileleshwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba umewahi kupandishwa na kuteremshwa na kazi ya mikono yake bila wewe kumjua. Na yeye pia hakujui. Hiyo ndiyo kasoro yake. Ni mrefu, mpole, mwenye adabu za kanisani, lakini sura za watu hazikai kichwani mwake hata kidogo. Lifti ataikumbuka miaka kumi, akwambie ile ya jengo la kijani inalia ikifika ghorofa ya tatu. Wewe mkisalimiana asubuhi, jioni atajitambulisha upya.

Mchumba wake anaitwa Kui, msichana wa Uthiru, anafanya kazi katika ofisi ya mawakili ghorofa ya saba. Walikutana siku lifti ilipokwama na Kui akiwa ndani pamoja na wanawake wengine wawili na mzee mmoja. Joash alikuwa nje na spana yake. Dakika arobaini walisikizana kupitia mlango wa chuma. Kui alianza kwa kufoka, "Wewe huko nje, fungua mlango!" Baada ya dakika kumi akaanza mzaha, baada ya ishirini akawa anawaimbisha wenzake, na Joash huko nje akawa ameshaipenda ile sauti kabisa. Mlango ulipofunguka akapangusa mikono, akatembea moja kwa moja hadi kwa mama mwingine, akamwomba msamaha kwa unyenyekevu na kumpa namba ya simu. Kui ilibidi amfuate yule mama kwenye ngazi na kumnyang'anya namba.

Miaka miwili sasa wanapendana. Shida ni nywele. Kila Kui akisuka upya, Joash anampoteza upya. Aliponyoa upande mmoja, Joash alisimama naye kituoni robo saa nzima akimsubiri yeye mwenyewe. Na usifikiri Kui anacheka kila mara. Siku moja alinikalia hapa kibandani akalia machozi kabisa.

Sasa turudi siku ile. Ilikuwa Jumamosi, mchana. Kijana huyo akaja, akaangalia mali yangu yote kuanzia juu hadi chini, akasema, "Sasa mathe. Nataka lesi ya sketi."

"Ya rangi gani?"

"Yenye haiwezi changanywa na ingine."

Nikamuuliza sketi ni ya nani na ya nini, kwa sababu mwanamume akija kununua lesi peke yake, ama ametumwa ama ana jambo. Huyu alikuwa na jambo. Alivuta lile debe ninalokanyagia nikitaka kufikia vitu vya juu, akaketi, akanieleza.

Mwezi uliofuata ilikuwa ruracio yake, ile sherehe ya Wakikuyu ya kupeleka mahari, kule kwa kina Kui. Na huko, kama ujuavyo, wasichana kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani, wanapangwa mstari, hakuna kuongea, hakuna kucheka, na bwana harusi anaambiwa amchague wake bila kumgusa yeyote kabla ya kuamua. Akikosea, analipa faini na watu wanamcheka mwaka mzima. Kwa wengi ni mchezo tu. Lakini Kui alilelewa na shangazi yake, Tata Wangeci, na Tata Wangeci hakuwa anacheza. Mwaka huo huo alikuwa amekutana na Joash pale Uthiru, akamwita kwa jina, na Joash akamjibu, "Sasa madam," akampa kadi ya kutengeneza lifti. Mama huyo anaishi nyumba ya chini. Ile kadi bado anayo, amesema ataitoa mbele ya wazee.

"Amesema nikikosea, sherehe inaishia hapo," Joash akaniambia. "Ati nitapewa tarehe ingine nikijifunza sura. Na nikikosea mara ya pili, nisirudi."

"Na Kui anasemaje?"

Akainamisha kichwa. "Kui amesema faini si kitu. Amesema, 'Joash, mbele ya watu wetu wote ukimshika msichana mwingine, mimi nitaingia wapi?'"

Hapo nilimhurumia, ingawa nilikuwa na wateja wawili wanangoja na mmoja alikuwa ameanza kupiga meza.

Mpango wao ulikuwa huu. Wasichana wote wangevaa sketi za kitambaa kimoja, rangi ya damu ya mzee, Tata Wangeci alishakinunua. Lakini kila msichana angejishonea mwenyewe na kuipamba apendavyo. Leso hufika kwenye muundi, kwa hivyo pindo la sketi huonekana. Kui angeweka kwenye pindo lesi ambayo Joash ameichagua kwa macho yake mwenyewe, akaikariri, akaizoea kama anavyozoea lifti. Basi. Mambo kwisha.

Nikasema hiyo ni akili. Sikujua kwamba itanigharimu mchana wote.

Kijana alikataa lesi nyeupe zote kwa mkupuo. Akakataa za maua, akisema maua yote ni ndugu. Zile zilizosalia akazitandaza chini kwenye njia ya watu, akarudi nyuma hatua sita, akafumba macho, akazunguka mara tatu, akafumbua, akajaribu kutaja ipi ni ipi. Watu wa Ngara hawana shughuli. Wakasimama. Mwanamume mmoja aliyebeba godoro kichwani akaanza kumsaidia: "Hapana bro, hiyo ya dhahabu ukiwa na jua hauioni." Joash akamshukuru, akaandika kwenye simu. Kisha akaniomba nisimame nikiwa nimejifunga leso yangu, lesi imening'inia miguuni, anione kwa mbali. Mimi, mama mzima wa miaka hamsini na minne, mwenyekiti msaidizi wa kikundi cha akina mama kanisani, nikasimama katikati ya njia nimefunikwa kichwa, na watu wakanipita wakiniuliza kama niko sawa.

Mwishowe akaiona. Ilikuwa kwenye kona, jora zima halijaguswa, nililouziwa na tapeli mmoja miaka mitatu nyuma nikiwa na homa. Lesi ya rangi ya chungwa, pana kama kiganja, yenye zigizaga ya kijani na vishada vya uzi vinavyocheza chini yake. Hata panya walikuwa wameihurumia. Joash akaishika kwa mikono miwili, uso ukamng'aa.

"Hii," akasema. "Hii hata nikilala nitaiona."

Nikamkatia mita tatu kabla hajabadili nia. Akaniapisha nisiuze iliyobaki kwa mtu yeyote mpaka ruracio ipite, na mimi nikaapa, nikalisukuma jora chini ya kiti. Kuapa kwenyewe kulikuwa rahisi. Nani angeitaka?

Jumamosi iliyofuata Kui alikuja pamoja na Joash, sketi yake imekamilika, ila pindo. Msichana mwenye kucheka, sauti yake kweli inajaza kibanda. Akaiona lesi.

"Joash. Hii ni ya pazia."

"Lakini nitakujua," Joash akasema.

Kui akaitazama tena, akachukua sindano. Vishada vilikuwa vinanasa kwenye cherehani, kwa hivyo ilibidi aishone kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, kazi ya mtu aliyefunzwa na shangazi mkali. Joash hakuweza kukaa bure. Akaomba ajaribu. Akapewa kipande cha mbele, upande wa kushoto, kama shubiri moja hivi. Alichokifanya hapo sijui nikiite nini. Mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine umepanda juu kwenda kutafuta kitu chake huko. Alitumia nusu saa na akajidunga mara tano. Alipomaliza alijisifu kabisa, akapiga picha.

Alipoenda kununua soda nikamtolea Kui wembe kutoka kwenye pakiti yangu, nikaufunga kwa kipande cha gazeti. "Ukifika nyumbani ufumue hapo," nikamwambia. "Utaaibisha hata mimi niliyewauzia uzi."

"Nitafumua, Mama Mwololo," akasema, akautia wembe mkobani.

Sasa nifike mahali ambapo nilikosa, na nitasema haraka. Jumatano ya wiki ya ruracio alikuja mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba chini ya kwapa, mtu wa amri. Hakunisalimia vizuri. Akanionyesha picha kwenye simu, akasema, "Ile lesi ya machungwa iko na vishada. Nimeambiwa ni fashion ya wasichana wa maofisi. Iko?"

Mfanyabiashara aliyelaliwa na jora miaka mitatu haulizi mtu ni wa wapi. Nilisikia tu moyo ukiniambia, Mama Mwololo, ni leo au basi. Kuhusu kiapo, nilijiambia Nairobi ni kubwa na ruracio ziko kila Jumamosi. Nikamuuzia lote, mita kumi na tatu, na nikamwambia amechagua vizuri sana. Hata nilimsindikiza hadi njiani.

Jumamosi ikafika. Watu wa Joash wako mbali, Vihiga huko, na waliofika walikuwa mjomba wake Zachariah na wengine watatu. Msafara wa kwenda kuoa hauwezi kuwa watu wanne, kwa hivyo Joash alikusanya watu: walinzi wawili wa Kileleshwa, mhubiri wa kanisa lake, yule mwanamume wa godoro, na mimi, ambaye kuanzia siku hiyo niliitwa shangazi. Nilivaa gauni langu la Krismasi.

Kule Uthiru tulifungiwa geti kama ilivyo desturi, tukaimba mpaka tukafunguliwa, na aliyefungua geti alikuwa yule mama wa Jumatano.

Kumbe ndiye Tata Wangeci mwenyewe. Akanitazama, akanipa mkono. "Karibu shangazi wa kijana," akasema. "Ni kama nakujua."

"Nina sura ya kawaida," nikamjibu, nikajificha nyuma ya mlinzi.

Nilitaka kumfikia Joash nimwambie, lakini wanaume walikalishwa upande wao wa hema na wanawake upande wetu, katikati wamekaa wazee wa kina Kui na vinywaji. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniona, au tuseme aliona mtu anapunga mkono, na kwa adabu yake akanipungia pia, hajui mimi ni nani. Nikafunga macho nikaomba Mungu, na nikamwambia Mungu pia kwamba jora lilikuwa limekaa sana.

Wakaletwa. Wasichana watano kwenye mstari, leso kuanzia utosini hadi muundini, Tata Wangeci akiwaongoza kama mkaguzi wa gwaride. Miguuni aliwavisha wote soksi nyeupe za shule. Alikuwa amefikiria kila kitu, mama huyo. Na chini ya kila leso, juu ya kila soksi, vishada vya chungwa vikicheza. Vyote. Sketi tano, pindo tano, balaa moja.

Joash alikuwa ameshasimama, kifua mbele, mtu aliyesoma mtihani kabla. Akaona pindo la kwanza, akatabasamu, akanyoosha mkono. Kisha jicho likateleza hadi la pili. Likaenda la tatu. Mkono ukabaki hewani pale pale, na tabasamu likaisha polepole.

"Haya bwana," Tata Wangeci akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Chagua bibi yako. Au nikupe kadi?"

Watu wakacheka. Mjomba Zachariah, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akamwambia kwa kile alichodhani ni mnong'ono, "Chukua yeyote tukule, mengine tutarekebisha baadaye."

Sikucheka. Niliona aibu imenishika shingo. Mtoto wa watu alikuja kwangu akaketi kwenye debe langu, akaniambia linalomuuma, na mimi nikamuuza kwa mita kumi na tatu. Nilinuia kusimama niseme mbele ya wote kwamba makosa ni yangu, na nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, gauni likanasa kwenye kiti.

Hapo Joash akapiga magoti. Suti mpya, nyasi mbichi, akapiga magoti. Akatoa mfukoni kile kitochi chake cha kazi, hata siku ya kuoa alikuwa nacho, akakiwasha mchana kweupe, akaanza kumulika pindo la msichana wa kwanza.

"Anatafuta nini? Panya?" Tata Wangeci akauliza.

"Si nimekatazwa kuguza tu?" Joash akasema kutoka chini. "Hamjanikataza kuangalia."

Wazee wakashauriana, wakakubali kwamba ni kweli. Joash akatambaa hadi kwa wa pili. Watoto wakaja kutambaa nyuma yake. Wa tatu. Nilijua anatafuta nini, na roho iliniuma zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyempa yule msichana wembe. Nilimpa mimi mwenyewe, nikaufunga na gazeti.

Alipofika kwa wa nne akasimamisha kitochi. Akasogeza uso karibu. Upande wa kushoto, mbele, shubiri moja hivi, kulikuwa na mshono mrefu, mfupi, na mmoja umepanda juu kwenda kutafuta kitu chake.

Joash akaihesabu mishono ile, mmoja mmoja.

"Hii mshono ni yangu," akasema. "Ni mimi nilishona hapa. Huyu ndiye."

Tata Wangeci alikuja akainama, akavaa miwani, akaikagua ile shubiri kwa muda. Ameshona maisha yake yote, mama huyo, na ameshonesha wasichana wote wa ukoo. "Huu uchafu," akasema hatimaye, "hakuna mtoto wangu anaweza kushona." Akaivuta leso.

Ilianguka, na hapo alikuwepo Kui, analia na kucheka pamoja, na kichwani, Mungu wangu, alikuwa amenyoa karibu kipara na kupaka zilizobaki rangi nyekundu. Mpya kabisa. Jana yake tu. Joash akainua macho akautazama ule uso. Nikaona wasiwasi ukipita. Akainamisha kitochi tena haraka kwenye pindo, ahakikishe.

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Hata wazee. Mjomba Zachariah alikuwa ameshaelekea kwenye chakula.

"Ni mimi, Joash," Kui akasema, kwa ile sauti yake. "Fungua mlango."

Basi akasimama, akamkumbatia, na hakumwachilia mpaka mhubiri akakohoa. Tata Wangeci aliitoa ile kadi ya lifti, akaitazama, akairudisha mkobani. Akasema bado kuna faini ya kupiga magoti, maana hakuna mtu aliyewahi kuona jambo kama hilo na lazima litozwe. Akatoza kreti mbili za soda.

Wakati wa kula Kui alipita na sahani yangu, nikamvuta mkono. Sikuweza kumeza hata kipande cha nyama kabla ya kusema. Nikamwambia kila kitu: Jumatano, picha kwenye simu, mita kumi na tatu. "Nisamehe mama," nikasema. "Mimi ndiye niliuza."

Kui alicheka mpaka akaketi. "Mama Mwololo, si nilijua? Ni mimi nilimwambia Tata ni fashion, alipouliza ni nini hii takataka. Huyo namjua. Aone mtu ana kitu yeye hana? Hiyo lesi ingepatikana hata kama ni Mombasa."

Akafungua mkoba wake, akanirudishia kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri vile vile nilivyokikunja. Wembe ulikuwa ndani, haujaguswa.

"Lesi mtu yeyote atanunua," akaniambia. "Lakini kushona vibaya kama Joash, watafunzwa na nani?"